Swali la Nani, Gunia la Nani?

Hotuba kwa wanafunzi wanaoanza shahada za uzamili na uzamivu katika sayansi na teknolojia ya chakula, Morogoro

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi wetu wapya, nanyi wazee wangu wafanyabiashara wa nafaka na wasindikaji mliojibana viti vya nyuma ilhali vya mbele viko wazi: wakubwa shikamooni, vijana habari za asubuhi.

Nimepewa mada ya ushirikiano wa kitafiti. Mada hii ina picha yake maarufu: ramani ya dunia, mistari inatoka Morogoro inakwenda Norway, Ubelgiji, Marekani na Japani, na chini kabisa safu ya nembo. Picha hiyo mtaiona mara nyingi hapa chuoni, wala sina ugomvi nayo. Ila mimi nataka tuanzie Kongwa, mkoani Dodoma, mwaka 1946.

Mwaka ule Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula. Vita vilikwisha, lakini siagi na mafuta bado viligawiwa kwa kadi. Frank Samuel, mkurugenzi wa kampuni ya United Africa, akatoa wazo kwamba Tanganyika ilime karanga kwa mashine, kwa wingi ambao haujapata kuonekana. Ukaja ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, ukazunguka kwa wiki tisa hivi, sehemu kubwa ya ardhi wakiitazama kutoka kwenye ndege, kisha wakaandika ripoti. Lengo likawekwa ekari zaidi ya milioni 3, na mwaka wa kwanza peke yake ekari 150,000. Kufikia mwisho wa 1947 Kongwa ilikuwa na ekari 7,500 hivi zilizosafishwa. Udongo wa pale mvua ikikata hukakamaa kiasi cha kuvunja majembe ya trekta, na mvua yenyewe haina ahadi na mtu. Januari 1951 mradi ukafutwa, pauni zipatazo milioni 36 zikiwa zimekwenda.

Wagogo walikuwa pale siku zote hizo, wakilima uwele na mtama na kufuga ng'ombe wao. Uwele na mtama vinajua kungoja mvua. Mtu yeyote angeweza kujiuliza kwa nini wenyeji wa mahali fulani wanalima kile wanacholima. Jibu lingepatikana kwa mazungumzo ya siku moja chini ya mbuyu, bila ndege. Lakini swali la mradi liliandikwa London, nalo lilikuwa swali la London: tutapata wapi mafuta? Kongwa ilitakiwa kujibu tu.

Sasa, Kongwa hiyohiyo ndiyo wilaya lilipo soko la mahindi la Kibaigwa, na baadhi ya wazee waliokaa kule nyuma wametoka huko. Na Kongwa hiyohiyo ndiko kulikofanyika utafiti mkubwa wa chakula cha watoto wachanga uliounganisha Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, ya Arusha, na Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani. Kati ya karanga za mwaka 1947 na utafiti huu kuna kitu kimoja kilichojificha ndani ya punje: sumukuvu.

Niwakumbushe kwa ufupi, maana hapa wengine mmetoka fani za uhandisi na za biashara. Mwaka 1960 batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa England ndani ya miezi michache. Chanzo kikapatikana kwenye chakula chao, mashudu ya karanga yaliyoota kuvu. Ndivyo dunia ya sayansi ilivyoitambua aflatoksini, sumu inayotengenezwa hasa na kuvu aina ya Aspergillus flavus. Kuvu huyo anapenda joto, anapenda mmea uliodhoofishwa na ukame, anapenda nafaka iliyoingizwa ghalani kabla haijakauka. Mnaona anavyoielezea Afrika Mashariki bila kuitaja. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na wilaya jirani nchini Kenya, watu 317 waliugua baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 wakafa. Mwaka 2016 ikawa zamu yetu, Dodoma na Manyara. Watu walikuwa wanageuka macho ya manjano, matumbo yanavimba, na mwanzoni palizungumzwa ugonjwa usiojulikana. Wagonjwa 68 waliorodheshwa, 20 wakapoteza maisha. Mahindi yalikuwa ya kwao wenyewe, kutoka kwenye vihenge vyao wenyewe.

Hayo ndiyo madhara yanayofika kwenye gazeti. Madhara ya pole pole hayafiki. Aflatoksini B1 imewekwa na wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani katika kundi la kwanza, yaani vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, na ini ndilo linalolengwa. Kisha kuna suala la ukuaji wa watoto. Na hapa ndipo ushirikiano wa kitafiti unapoanza kuwa na maana, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Wilaya ya Rombo, Kilimanjaro, watoto huanzishiwa uji wa mahindi mapema. Watafiti wa iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Ghent cha Ubelgiji, walifuatilia watoto wachanga na kupima mahindi ya nyumbani kwao. Waliangalia sumu nyingine ya kuvu, fumonisini, ambayo huyapenda mahindi kama vile aflatoksini inavyopenda karanga. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010: watoto waliokula fumonisini kupita kiwango kinachokubalika walikuwa, walipotimiza mwaka mmoja, wafupi kwa sentimita 1.3 na wepesi kwa gramu 328 kuliko wenzao.

Sentimita 1.3 mnaweza kuona ni kidogo. Kwa mtoto wa mwaka mmoja si kidogo hata chembe, na nchi ambayo utafiti wa afya wa 2022 uliona karibu watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano wamedumaa haina sentimita za kupoteza.

Tazameni jinsi swali lilivyozaliwa. Mtafiti mkuu wa kazi ile alikuwa Mtanzania aliyekuwa ofisini anashughulika na usalama wa chakula. Swali lilikuwa limemkalia mezani kabla hajapanda ndege kwenda Ghent. Wabelgiji walikuwa na maabara, na walikuwa na ujuzi wa kukadiria kiasi cha sumu anachokula mtu kwa siku. Yeye alikuwa na swali na alikuwa na Rombo. Huo ni ushirikiano wa watu wawili wenye mkono usio mtupu. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, nami naongeza kwamba mkono wenye swali zuri si mtupu.

Lakini utafiti wa aina ile wa Rombo una mpaka wake. Ukiona watoto wanaokula sumu zaidi ndio wafupi zaidi, hujathibitisha kwamba sumu ndiyo iliyowafupisha. Pengine nyumba yenye mahindi mabovu ndiyo nyumba maskini, na umaskini una njia zake nyingi za kumfupisha mtoto. Njia ya kujua ni kuwapa kundi moja la watoto chakula kisafi na kulinganisha. Hilo ndilo lililofanyika Kongwa: maeneo yanayohudumiwa na vituo vya afya 52 yakagawanywa kwa bahati nasibu, nusu yake familia zikapewa unga wa uji uliochanganywa na karanga, uliopimwa na kuhakikishwa una sumu kidogo, zote zikapata mafunzo ya kulisha mtoto. Hakuna chuo kimoja kingeweza kazi hiyo peke yake. Cornell haina wahudumu wa afya wanaojua njia za kuelekea Mlali. Arusha peke yake isingepata fedha za kununua, kupima na kugawa unga kwa maelfu ya nyumba kwa miezi mingi.

Sasa niwape bambo.

Wazee kule nyuma wanacheka kwa sababu wanalijua. Kwa mliotoka mjini: bambo ni bomba fupi la chuma lenye ncha kali na mfereji ubavuni. Unalichoma kwenye gunia, punje zinatiririka kiganjani, unazitazama, unazing'ata, unazinusa. Kila mnunuzi wa Kibaigwa analo. Mtafiti naye huchukua sampuli kwa chombo hichohicho, ila lake refu zaidi na lina jina refu zaidi.

Gunia la kilo mia lina punje laki tatu hivi. Kiwango kinachoruhusiwa Afrika Mashariki kwa aflatoksini zote ni mikrogramu 10 kwa kilo, yaani sehemu kumi katika bilioni. Na sumu haijatandazwa sawasawa kama chumvi kwenye mchuzi. Inakaa kwenye punje chache zilizotobolewa na wadudu au zilizopasuka, na punje moja iliyooza inaweza kubeba sumu ya kutosha kuharibu kilo nzima. Bambo likipita pembeni mwa punje hizo, gunia linaonekana safi. Likizipata, gunia zima linahukumiwa. Mtakapofika maabara mtatumia mashine ya mamilioni kupima hadi nukta ya tatu, na makosa makubwa zaidi ya utafiti wenu yatakuwa yameshafanyika asubuhi, ghalani, na kijana aliyekuwa na haraka ya kurudi kwenye gari.

Kwa hiyo nikisoma hati ya makubaliano kati ya vyuo viwili, ikiwa na saini mbili za makamu wakuu wa vyuo, huwa namtafuta mtu wa tatu: mwenye gunia. Yeye ndiye anayejua mahindi haya yalianikwa wapi, chini kwenye udongo au juu ya turubai. Anajua kama mvua iliyanyeshea siku ya kupukuchua. Anajua kama hili ni gunia la kula au la kuuza, na wazee watawaambia kwamba hayo ni magunia mawili tofauti kabisa. Asipoeleza ukweli, namba zenu zote ni pambo. Ataeleza ukweli kwa mtu gani? Kwa mtu ambaye mara ya mwisho alirudi.

Hapa pana jambo gumu ambalo miongozo ya maadili huligusa kwa mistari miwili. Umepima mahindi ya mama mmoja, umekuta mikrogramu 80. Unarudi kumwambia? Ana mtoto wa miezi minane na hana mahindi mengine. Ukimwambia umemtia hofu bila dawa. Usipomwambia umemwacha ampikie mtoto uji huo kesho asubuhi ukiwa unajua. Nimewasikia watafiti wakijitetea kwamba sampuli zilipewa namba, majina hayapo, kwa hiyo hakuna wa kuambiwa. Usiri ni wa kulinda watu. Ukigeuzwa kuwa kichaka cha kujifichia, haulindi mtu zaidi ya mtafiti.

Jibu langu ni la kibajeti. Andiko la mradi linapoandikwa, mstari wa kurudisha majibu uwemo na fedha zake ziwemo: za kumbadilishia mahindi mwenye gunia lililozidi kiwango, au walau za kumfundisha kuchambua na kumlipia kukoboa. Maana mambo haya yanafanya kazi. Baada ya kupima, watafiti wa Tanzania na wenzao wa Ghent walijaribu mambo ya kawaida kabisa kwenye kaya: kuchambua punje mbovu kwa mkono, kuanika juu ya mkeka, kuzuia wadudu ghalani, kukoboa kabla ya kusaga. Sumu ilipungua kwenye mahindi na ikapungua kwenye kiasi alichokula mtoto. Hakuna mashine mpya hapo. Kuna kero moja tu, ambayo wataalamu wa lishe wataniletea kabla sijashuka jukwaani: tumewahubiria watu miaka mingi wale dona waache sembe, na sasa tunawaambia wakoboe. Ni kweli, dona lina virutubisho zaidi, na ni kweli vilevile kwamba sehemu kubwa ya sumu inakaa kwenye kiini na ganda la nje, vile vinavyoondoka na pumba. Pumba nazo zinakwenda kwa kuku na ng'ombe, na ng'ombe anaitoa kwenye maziwa ikiwa na sura nyingine. Kama mnatafuta mada ya tasnifu ya uzamivu, hiyo hapo; inahitaji mtu wa lishe, mtu wa mifugo na mwenye mashine ya kusaga, wakae meza moja.

Nihame kwenye sumu kidogo, tuzungumze kitu kitamu.

Mwaka 1973 Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania ilianzishwa kwa sheria ya Bunge. Miaka ya themanini wataalamu wake walifanya kazi na wenzao wa Gothenburg, Sweden, juu ya tatizo ambalo kila mama analijua bila kulipa jina. Mtoto mdogo anataka uji mwepesi. Uji mwepesi maana yake unga kidogo na maji mengi. Tumbo lake dogo linajaa kabla hajapata nguvu anazohitaji. Ukiongeza unga, uji unakuwa mzito na mtoto anautema. Sasa bibi zetu wa Ruvuma, wa Iringa, wa hapa Uluguru, wakitengeneza togwa walikuwa wana kimea. Unaloweka ulezi, unaufunika hadi uchipue, unauanika, unausaga. Uji ukipoa kiasi cha kuvumilika kidoleni unatia kimea, unakoroga, na mbele ya macho yako uji mzito unalegea ukawa wa kunyweka. Vimeng'enya vilivyoamshwa na kuchipua vinakata wanga. A. C. Mosha na Ulf Svanberg walichapisha kazi yao mwaka 1983: uji wenye unga asilimia 20, ambao kwa kawaida ungesimamisha mwiko, kimea kidogo kiliugeuza kuwa uji wa mtoto. Chakula kimeongezeka mara mbili au tatu kwenye kikombe kilekile.

Baadaye wakaenda kwenye uchachu wenyewe. Bakteria wa togwa hutengeneza asidi, na asidi hiyo huwazuia vijidudu vya kuhara. Watoto waliokunywa uji uliochachushwa walionekana kuwa na vijidudu hivyo vichache zaidi kwenye choo kuliko waliokunywa uji wa kawaida. Sayansi nayo ikamrudishia bibi kitu ambacho hakuwa nacho: mtama, tofauti na ulezi, ukichipua hutengeneza sianidi kwenye vichipukizi, kwa hiyo vichipukizi na vimizizi lazima viondolewe kabla ya kusaga, au utumike ulezi. Mgeni njoo mwenyeji apone, basi ndiyo hivyo. Swali lilitoka jikoni, likaenda maabara ya watu wa mbali, likarudi jikoni na nyongeza.

Nauliza tu, kwa uchungu kidogo: mbona kimea hakipo kwenye rafu za maduka yetu leo, na uji wa lishe unaouzwa ni mchanganyiko wa nafaka saba na karanga ambao wakati mwingine haujapimwa sumukuvu hata mara moja? Kazi ya kina Mosha haikukosa ubora. Ilikosa mshirika mmoja, msindikaji mwenye kiwanda kidogo, mwenye nembo ya TBS na gari la kusambaza. Vyuo vyetu vimezoea kuwatafuta washirika wenye maabara. Wenye mifuko ya kufungashia hatuwajui kwa majina. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, wanawajua; nendeni mkawaulize.

Aflasafe, kinga ya shambani dhidi ya aflatoksini, nitaipitia haraka, ingawa inastahili hotuba yake. Wazo lilitoka kwa watafiti wa wizara ya kilimo ya Marekani waliokuwa wakipambana na kuvu kwenye pamba ya Arizona: unamwaga shambani ndugu wa kuvu yule yule, ila wasio na uwezo wa kutengeneza sumu, wanawahi nafasi, wenye sumu wanakosa pa kukaa. IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha kitropiki, ikalileta Afrika. Kitu ninachotaka mkione ni kwamba huwezi kuleta kuvu wa Arizona ukamwaga Manyara. Inabidi kutafuta kuvu wasio na sumu kutoka udongo wa nchi husika, na ndiyo maana Kenya ina yake, Tanzania ina zake mbili zilizosajiliwa mwaka 2018, TZ01 na TZ02. Mkulima humwaga kilo nne kwa ekari, wiki mbili au tatu kabla mahindi hayajatoa mbelewele. Kwa hiyo mshirika wa kigeni alikuja na njia, na sisi tulikuwa na kiumbe. Uzito wa kile tunacholeta mezani mara nyingi hatuujui hadi mwingine atuambie, na mara nyingine anatuambia baada ya kwenda nacho kwao.

Waulizeni Waethiopia. Mwaka 2005 taasisi zao mbili zilisaini makubaliano na kampuni ya Uholanzi kuhusu tefu, nafaka wanayopikia injera. Kwenye karatasi yalikuwa makubaliano ya mfano: kugawana faida, kuchangia utafiti. Wakati huohuo kampuni ilikuwa na ombi la hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, huko Ulaya juu ya usindikaji wa unga wa tefu, ikapewa mwaka 2007. Mwaka 2009 kampuni ikafilisika. Makubaliano yakabaki na mufilisi, hataza ikahamia kwa kampuni nyingine ya watu walewale wa karibu. Ethiopia ikawa na karatasi isiyo na mtu upande wa pili. Ilichukua hadi mwishoni mwa 2018 mahakama ya The Hague kusema hataza ile haikuwa na uvumbuzi wowote, na hata hapo kesi haikuwa ya Ethiopia, ilikuwa ya wafanyabiashara wenyewe kwa wenyewe.

Huko ndiko kuuziana mbuzi kwenye gunia. Mtakapoletewa mkataba wa kuhamisha sampuli, iwe ni mililita tano za togwa, mtaambiwa ni utaratibu tu, saini hapa na hapa. Someni. Sampuli ikishapimwa inakwenda wapi, inarudi, inateketezwa, au inalala kwenye jokofu la mtu kwa miaka ishirini? Bakteria wakitengwa kutoka humo ni wa nani? Data ghafi ziko kwenye kompyuta ya nani, na mkiachana mtaendelea kuziona? Nani ataandikwa kwenye makala, na kwa mpangilio gani? Mwenzangu mmoja, sitamtaja wala sitakitaja chuo cha ng'ambo kinachohusika, alikusanya sampuli za misimu miwili akiwa na vijana wake, na makala ilipotoka majina yao yalikuwa kwenye aya ya shukrani, chini kabisa, baada ya mfadhili. Hakukuwa na mkataba wa kumlinda. Walikuwa wameelewana kwa mdomo, kwa ukarimu mwingi, kwenye chakula cha jioni.

Kuhusu fedha. Mwaka 2011 ulianza mradi wa iAGRI, chuo chetu hiki cha Sokoine kikiwa na kundi la vyuo vya Marekani vilivyoongozwa na Ohio State, kwa fedha za USAID. Watanzania zaidi ya mia moja walisoma uzamili na uzamivu kupitia mradi huo, wengine Marekani, wengine hapahapa na nchi jirani, na baadhi yao ndio watakaowasimamia ninyi. Sipunguzi hata nukta ya shukrani. Lakini mwanzoni mwa 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake, na kufikia Julai mwaka huo USAID yenyewe ikawa imefungwa. Miradi ya chakula iliyoshirikisha vyuo vya Afrika na vya Marekani ikakatika katikati ya msimu, mahindi yakiwa bado shambani. Mtu akiuliza kwa nini nasisitiza majirani, namjibu hivyo.

Majirani tunao. RUFORUM, mtandao wa vyuo vikuu wenye makao yake Makerere, umekuwepo tangu 2004, na ruzuku zake za wanafunzi wa uzamili zilibuniwa ili mwalimu na wanafunzi wake wafanye kazi na wakulima kuanzia mwanzo. Chuo Kikuu cha Nairobi wana kampasi yao ya kilimo ya Kabete, Egerton wana Njoro na maziwa yao, Makerere wana shule nzima ya teknolojia ya chakula. Mahindi ya Kibaigwa yanavuka Namanga kila wiki. Sumukuvu haionyeshi pasipoti, na mnunuzi wa Kenya akikataa lori la Mtanzania mpakani, kipimo chake na chetu vinatakiwa viseme kitu kimoja. Hilo ni swali la utafiti lisilohitaji mfadhili wa mbali: maabara mbili, gunia moja, na mtu wa kulisafirisha. Tumelikwepa kwa sababu halina safari ya Ulaya ndani yake. Samahanini, lakini ni kweli.

Sijasema msiende Ulaya. Nendeni. Nendeni na swali lenu likiwa limeandikwa, likiwa limejadiliwa na watu wa mahali linapotoka, ili profesa wa huko akiwaambia ana mradi mwingine wenye fedha, mjue mnaacha nini.

Ratiba ya mchana ni hivi. Saa nane kamili tunarudi ukumbi huuhuu, viti vitapangwa duara, na wazee wangu watakaa mbele, si nyuma tena. Kila mwanafunzi atakuja na ukurasa mmoja wa andiko lake kwa Kiswahili, bila jedwali, atausoma, kisha atajibu maswali ya wafanyabiashara na wasindikaji. Walimu tutanyamaza. Mwenye swali litakaloonekana limeshajibiwa sokoni siku nyingi atalibadilisha kabla andiko halijaingia kwenye kamati ya idara, na mwenye kuhitaji mshirika ahakikishe hatoki ukumbini bila namba ya simu ya angalau mmoja wa watu hawa. Asanteni kwa kunisikiliza.